Somo: Sayari kwa watoto wa miaka minne hadi minane (mwendo kwanza, majina baadaye)

Mtoto wa miaka mitano anaweza kuimba majina ya sayari zote nane bila kukosea, halafu ukimuuliza Jua huenda wapi usiku akakujibu kwamba limelala. Majina ameyashika, lakini hajui yanahusu nini. Kwa hiyo somo hili linaanza na mwendo, linakuja kwenye ukubwa, kisha umbali. Majina yanaingia mtoto anapoyahitaji ili aseme jambo aliloliona mwenyewe.

Usilimalize kwa siku moja. Kila kipindi kijitegemee, na cha kwanza kirudiwe mara nyingi mtoto anavyotaka.

Andaa taa isiyo na kifuniko, udongo wa kuchezea, rula, kamba, karatasi ngumu, kifungo kimoja cha shati, na mahali pa wazi ambapo mtoto anaweza kutembea hatua 60 kwa mstari mmoja.

Kipindi cha 1: Mchana, usiku na mwaka

Weka taa katikati ya chumba chenye giza, usawa wa uso wa mtoto. Mwambie kichwa chake ndicho Dunia, na puani ndipo tunapoishi sisi. Asimame akiitazama taa, kisha ajigeuze polepole kuelekea kushoto. Taa itampotelea upande wa kulia, atabaki gizani, halafu itamchomozea upande wa kushoto. Muulize: taa imetembea? Usiharakishe kumpa jibu. Mwache ajigeuze tena na tena mpaka aseme mwenyewe kwamba aliyesogea ni yeye.

Mwelekeo una maana yake, usiubadilishe. Dunia hujizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki, na katika zoezi hili mkono wa kushoto ndio mashariki. Mtoto akizoea kugeukia kushoto, siku utakapomfundisha dira hutakuwa na jambo la kumsahihisha.

Akishaelewa siku, mwingize kwenye mwaka. Sasa ajigeuze huku akiizunguka taa. Kujigeuza mara moja ni siku, kuizunguka taa mara moja ni mwaka. Ukiwa na watoto wawili, mmoja awe Dunia na mwingine Utaridi, aliye karibu zaidi na taa. Utaridi hulizunguka Jua kwa siku 88 tu, hivyo akimbie mizunguko minne wakati mwenzake anamaliza mmoja. Mirihi huchukua siku 687, karibu miaka miwili yetu. Mshtarii huchukua karibu miaka 12, na hapa watoto hufurahi sana: mwenye miaka sita, kwa hesabu ya Mshtarii, hajafikisha hata mwaka mmoja! Ya Neptuni waambie wakubwa kidogo. Mwaka wake ni karibu miaka 165 yetu. Iligunduliwa mwaka 1846, na ilipofika 2011 ndipo ikamaliza mzunguko wake wa kwanza tangu binadamu waijue.

Kipindi cha 2: Ukubwa

Finyangeni Dunia yenye upana wa sentimita 1. Zuhura ni karibu sawa nayo. Mirihi ni nusu sentimita, Utaridi milimita 4. Uranusi na Neptuni zina karibu sentimita 4 kila moja. Zohali 9, Mshtarii 11. Kwa hizi mbili kubwa tumia karatasi iliyokunjwakunjwa katikati, kisha paka udongo juu, la sivyo udongo utakwisha. Pete za Zohali zikate kwenye karatasi ngumu, duara lenye upana wa sentimita 22.

Jua msilifinyange. Lichoreni chini kwa chaki, duara la sentimita 109, na mtoto aiweke Dunia yake ndogo ndani yake. Mpe muda wa kuliangalia duara hilo kabla hujasema lolote.

Mtoto akiuliza Mwezi, ni punje ya chini kidogo ya milimita 3, na iwekwe sentimita 30 kutoka kwenye Dunia. Picha nyingi huuchora Mwezi umeegemea Dunia, kumbe kati yao zingeweza kupangwa Dunia nyingine karibu 30.

Kipindi cha 3: Umbali, nje ya nyumba

Hiki ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho kinachorukwa zaidi. Michoro hupanga sayari bega kwa bega kwa sababu ukurasa hautoshi. Kwa vipimo vya kipindi cha 2, Dunia ingekaa karibu mita 118 kutoka kwenye Jua, na Neptuni kilomita tatu na nusu! Hivyo ukubwa na umbali tunavitenganisha, na mtoto aambiwe wazi kwamba tumevitenganisha na kwa nini.

Weka kifungo cha shati chini. Hicho ndicho Jua. Mtoto aanze kutembea kwa hatua zake za kawaida, za kama nusu mita, na kila sayari aiwekee karatasi yenye jina lake. Utaridi iko pungufu kidogo ya hatua moja. Zuhura, hatua moja na nusu. Dunia, 2. Mirihi, 3. Hadi hapo atadhani karibu anamaliza. Mwambie aendelee. Mshtarii iko kwenye hatua ya 10 na nusu, Zohali ya 19, Uranusi ya 38, Neptuni ya 60.

Akiwa kwenye Neptuni, mgeuze atazame alikotoka na akitafute kifungo. Hapo ndipo mwambie kwamba katika mpangilio huu Dunia ni ndogo kuliko nukta ya kalamu. Mwambie pia kwamba mwanga, ambao hakuna kinachoupita kwa kasi, huchukua dakika nane na kitu kuvuka zile hatua mbili za kwanza. Chombo cha Voyager 2 kilirushwa mwaka 1977 na kikaipita Neptuni mwaka 1989. Mpaka leo ndicho chombo pekee kilichowahi kufika huko.

Kipindi cha 4: Kila sayari na sura yake

Kwa kila sayari jambo moja linatosha. Mirihi ni nyekundu kwa sababu vumbi lake lina kutu ya chuma. Mshtarii ina doa jekundu ambalo ni dhoruba iliyo pana kuliko Dunia nzima. Pete za Zohali ni vipande vingi mno vya barafu na mawe, si bamba gumu. Uranusi huzunguka ikiwa imelala ubavu. Neptuni ina pepo kali kuliko sayari zote. Zuhura nimeieleza kwenye maswali hapa chini.

Kipindi cha 5: Angani kwenyewe

Sayari tano huonekana kwa macho matupu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Anza na Zuhura, kwa kuwa baada ya Jua na Mwezi hakuna kinachong'aa kuizidi angani. Itafuteni magharibi baada ya Jua kuzama, au mashariki kabla halijachomoza, kutegemea majira. Usiku wa manane hamtaipata. Mwonyeshe mtoto kwamba nyota humetameta ilhali mwanga wa sayari kwa kawaida hutulia. Kama mna darubini ndogo, hata ile ya kutazamia ndege, mkiishika bila kutikisika mtaona vinukta kando ya Mshtarii. Hiyo ni miezi yake minne mikubwa, ambayo Galileo Galilei aliiona mwaka 1610. Darubini isielekezwe kwenye Jua kamwe, hata kwa sekunde moja. Inapofusha.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Sisi tulifundishwa sayari tisa. Pluto nimwambieje mwanangu?

Marahaba. Mwambie ukweli wote, watoto hupenda kujua kwamba wakubwa nao hubadili mawazo kwa sababu nzuri. Pluto iligunduliwa na Clyde Tombaugh mwaka 1930 ikaitwa sayari. Baadaye wanaastronomia wakagundua magimba mengine ya barafu huko huko, na moja, Eris, linakaribiana nayo kwa ukubwa. Mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikutana Prague ukaamua kwamba sayari lazima ilizunguke Jua, iwe na umbo la mviringo, na iwe imesafisha njia yake isibaki na magimba mengine ya kushindana nayo. Pluto ilikwama kwenye sharti la tatu, sasa ni sayari kibete. Ni ndogo hata kuliko Mwezi wetu.

Mwalimu, binti yangu anauliza kwa nini sayari hazidondoki kwenye Jua. Nimekosa la kusema.

Ni swali kubwa, dada, mpongeze. Funga mpira laini kwenye kamba, nendeni nje, uzungushe. Mkono wako unauvuta mpira, lakini mpira nao una mwendo wa kwenda pembeni, ndiyo maana unazunguka badala ya kukujia. Achia kamba, mpira utaruka moja kwa moja. Jua huvuta Dunia, na Dunia inakwenda pembeni kwa kasi ya karibu kilomita 30 kila sekunde. Ila mweleze kwamba angani hakuna kamba, kuna mvutano usioonekana. Usiposema hivyo ataanza kuitafuta.

Kwa nini Zuhura ina joto kuliko Utaridi wakati Utaridi ndiyo iliyo karibu na Jua?

Kwa sababu ya hewa. Utaridi haina angahewa ya maana, hivyo mchana hufika nyuzi 430 za Selsiasi na usiku hushuka hadi 180 chini ya sifuri. Zuhura imefunikwa na kaboni dayoksaidi nzito, kama mtu aliyejifunika blanketi nene mchana. Joto linaingia, kutoka linashindwa. Ni karibu nyuzi 465, mchana na usiku.

Mwanangu amesikia Jua litakufa, sasa halali vizuri.

Pole sana. Usimwambie si kweli, maana atakuja kulisoma. Mpe kipimo: Jua lina umri wa miaka bilioni 4.6 na limebakiza karibu bilioni 5. Mchoreeni mstari mrefu, muweke alama mahali tulipo sasa, aone sehemu iliyobaki ilivyo ndefu. Kisha mrudishe kwenye taa ya kipindi cha kwanza, ajigeuze mpaka taa ichomoze. Kinachomtia hofu hasa ni usiku, na usiku sasa anajua unatoka wapi.

Nina mwanafunzi asiyeona. Nimruke kipindi kipi?

Usimruke hata kimoja, mwalimu mwenzangu, isipokuwa kutazama anga. Kipindi cha 2 kitamfaa kuliko wote, maana mikono yake itapima Mshtarii na Dunia pamoja. Duara la Jua liwekee kamba badala ya chaki ili alifuate kwa vidole. Kipindi cha 3 ni miguu na kuhesabu. Tandika kamba ya kumwongoza, na kwenye kila sayari asimame mtoto mmoja amtajie jina. Kipindi cha 1 tumia taa inayotoa joto la kusikika usoni, kwa umbali salama. Joto likihama shavu la kulia, likapotea, kisha likaja la kushoto, ameshajua mchana na usiku.