Kuandikiwa si kulipwa: namna ya kufuatilia posho ya mfalme katika magombo ya Uingereza ya karne ya 14

Mdogo wangu anasoma shahada ya uzamili ya fasihi. Katika rasimu ya sura yake ya kwanza aliandika kwamba mwaka 1367 mshairi Geoffrey Chaucer alilipwa marki 20 na mfalme Edward III. Nilipoisoma nikampigia simu: alilipwa, au aliandikiwa? Akanyamaza kidogo, kisha akasema hati inasema mfalme "amempa". Ndipo tulipoanza kazi iliyotuchukua wiki mbili, na mwongozo huu umetoka humo.

Mtu yeyote aliyewahi kudai malimbikizo ya mshahara serikalini anajua tofauti iliyopo kati ya barua ya kupandishwa cheo na fedha kuingia kwenye akaunti. Serikali ya Uingereza ya zama za kati ilikuwa hivyo hivyo. Barua ilitoka ofisi moja, fedha zilitoka ofisi nyingine, na kila ofisi ilikuwa na magombo yake, yaani rekodi za ngozi zilizoviringishwa. Ukisoma upande mmoja tu, umesoma ahadi.

Hatua ya 1: Ipate hati ya mfalme

Hati za wazi za mfalme, zile zilizotolewa na Muhuri Mkuu ukining'inia, zilinakiliwa kwenye magombo yanayoitwa Patent Rolls. Muhtasari wake ulichapishwa zamani katika majuzuu mengi, na majuzuu hayo yamepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Tafuta kwa jina, lakini jaribu tahajia zote unazoweza kufikiria.

Ukiipata, nakili mambo matano: tarehe, kiasi, muda wa posho (maisha yote, au mpaka mfalme atakapoamua vingine), nani anatakiwa kulipa, na sikukuu zipi za kulipa. Hati ya Chaucer ni ya tarehe 20 Juni 1367: marki 20 kila mwaka, maisha yake yote, zilipwe Hazina, nusu sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli (29 Septemba) na nusu Pasaka.

Swali la nani analipa lina uzito kuliko linavyoonekana. Tarehe 23 Aprili 1374 Chaucer alipewa mtungi wa divai kila siku, achukue bandarini London kutoka kwa mnyweshaji wa mfalme. Ukiitafuta divai hiyo kwenye magombo ya malipo ya Hazina, utazeeka bila kuiona. Ilikuja kuonekana huko baada ya 1378, ilipobadilishwa kuwa marki 20 taslimu kwa mwaka.

Hatua ya 2: Geuza kila kitu kuwa peni

Pauni moja ni shilingi 20, shilingi ni peni 12, kwa hiyo pauni ni peni 240. Waliofuatilia hesabu za serikali ya Kenya za miaka ya nyuma watakumbuka pauni ya shilingi 20. Chimbuko lake ni hesabu hii hii. Marki haikuwa sarafu, ilikuwa kipimo cha kuhesabia tu: shilingi 13 na peni 4, yaani peni 160, theluthi mbili ya pauni.

Hati husema marki, lakini gombo la malipo huandika pauni, shilingi na peni kwa namba za Kirumi. Marki 20 ni peni 3,200. Nusu yake ni peni 1,600, ambayo utaikuta imeandikwa *vj li. xiij s. iiij d.* (*li.* ni pauni, *s.* ni shilingi, *d.* ni peni; ile *j* ya mwisho ni *i* tu). Usipoigeuza kuwa peni utadhani ni malipo mengine kabisa.

Naomba pia uachane na vile vikokotoo vya mtandaoni vinavyobadili pauni ya 1367 kuwa fedha za leo. Linganisha na ujira wa wakati ule ule. Vitani, mpiga upinde mwenye farasi alipata peni 6 kwa siku, na shujaa mwenye cheo cha *knight* wa ngazi ya kawaida shilingi 2. Posho ya Chaucer ya peni 3,200 ilikuwa ujira wa mpiga upinde huyo wa siku 533. Hapo mtu anaelewa.

Hatua ya 3: Tarehe. Hapa ndipo nilipopoteza siku tatu

Serikali haikuhesabu miaka tunavyohesabu. Ilihesabu miaka ya mfalme tangu aliposhika ufalme:

Edward III: mwaka wake ulianza 25 Januari, kuanzia 1327.
Richard II: 22 Juni, kuanzia 1377.
Henry IV: 30 Septemba, kuanzia 1399.

Kwa hiyo mwaka wa 42 wa Edward III ulianza 25 Januari 1368 ukaisha 24 Januari 1369. Ukikuta "15 Januari, mwaka wa 42", hiyo ni 1369. Ukikuta "15 Februari, mwaka wa 42", ni 1368: mwezi wa pili unatangulia mwezi wa kwanza kwa karibu mwaka mzima. Mimi nilikuwa nimepanga jedwali langu lote nikidhani kila namba ya mwaka ina mwaka wake mmoja wa kalenda. Malipo yakaonekana yanatangulia hati zake.

Kisha kuna sikukuu. Chini ya Edward III, Pasaka ya mwaka wa 42 ilikuwa 9 Aprili 1368, na sikukuu ya Mikaeli ya mwaka huo huo ikafuata Septemba 1368. Pasaka kwanza, Mikaeli baadaye. Chini ya Richard II mambo yanageuka: sikukuu ya Mikaeli ya mwaka wa 1 ilikuwa Septemba 1377, na Pasaka ya mwaka wa 1 ilikuwa masika ya 1378. Ukitoka kwa babu ukaingia kwa mjukuu na mpangilio ule ule wa safu, nusu ya malipo yatakaa mahali pasipo pake. Ndivyo yalivyokaa kwangu.

Henry IV ana mtego wake peke yake. Kwa kuwa mwaka wake ulianza 30 Septemba, sikukuu ya Mikaeli ya 29 Septemba ni siku ya mwisho ya mwaka wake. Muhula wa Hazina (kipindi chake cha kazi) unaoitwa wa Mikaeli, mwaka wa 1, ulifunguliwa Oktoba 1399. Lakini sikukuu yenyewe ya Mikaeli katika mwaka wa 1 ni 29 Septemba 1400. Muhula na sikukuu vina jina moja, na vimeachana kwa karibu mwaka.

Dawa yake ni siku ya juma. Katika gombo la malipo, kila siku ya kazi ina kichwa chake, na kichwa hicho kina siku ya juma pamoja na tarehe. Ukiona *Die Sabbati vj die Novembris*, ni Jumamosi tarehe 6 Novemba. Mwaka 1367 tarehe 6 Novemba ilikuwa Jumamosi. Mwaka 1368 ilikuwa Jumatatu. Swali limekwisha, bila kubishana na namba ya mwaka wa mfalme.

Ila usiulize simu yako. Uingereza ilitumia kalenda ya Julius Caesar mpaka 1752, na programu nyingi za kalenda hurudisha nyuma kalenda yetu ya leo mpaka popote unapotaka. Zitakuambia 6 Novemba 1367 ilikuwa Ijumaa, nawe utakataa malipo ya kweli. Mimi nilikataa matatu kabla ya kugundua. Tafuta kikokotoo kinachotaja wazi kalenda ya Julius, au jifunze kuhesabu kutoka Pasaka ya mwaka husika.

Na jedwali la kompyuta? Excel haitambui tarehe kabla ya 1900. Itaichukua kama maandishi ya kawaida na kuipanga kialfabeti. Nilimwambia mdogo wangu anunue daftari kubwa lenye mistari, achore safu sita kwa rula: tarehe kama ilivyoandikwa, siku ya juma, tarehe yetu, peni, mpokeaji, maneno ya malipo. Daftari hilo halijawahi kumpanga mtu vibaya.

Hatua ya 4: Soma maneno ya malipo, siyo kiasi tu

Magombo ya malipo ya Hazina huitwa Issue Rolls na yako Kew, London, katika hifadhi ya nyaraka ya taifa, chini ya alama E 403. Ingizo la posho lina umbo moja karibu daima: jina, posho aliyopewa na kwa hati ipi, kiasi alichokabidhiwa, kipindi kinacholipiwa, na agizo lililoruhusu. Ukishasoma matano, la sita linajisoma.

Maneno ya Kilatini ya kukamata ni haya. *In persolucionem*: deni la kipindi hicho limelipwa lote. *In partem solucionis*: sehemu tu, kwa hiyo lazima utafute baki. *De prestito*: hayo ni masurufu, fedha za kutangulizwa ambazo zitakatwa baadaye, ukiyajumlisha na malipo yenyewe utakuwa umehesabu mara mbili. *Per manus*: kwa mikono ya fulani, yaani aliyekwenda dirishani kupokea si mwenye posho. Philippa, mke wa Chaucer, alikuwa na posho yake ya marki 10 tangu 12 Septemba 1366, na mara kadhaa mumewe ndiye aliyeipokea. Ukimtafuta kwa jina la mume tu, utachanganya fedha za mke na za mume.

Tofautisha pia posho na ujira. Posho huhesabiwa kwa mwaka na haidai kazi maalumu. Ujira huhesabiwa kwa siku. Tarehe 12 Julai 1389 Chaucer aliteuliwa karani wa majengo ya mfalme kwa shilingi 2 kwa siku, sawa na yule shujaa wa vitani: peni 8,760 kwa mwaka, yaani pauni 36 na shilingi 10. Alishika kazi hiyo mpaka Juni 1391. Ujira wa namna hii mara nyingi uko ndani ya hesabu ya ofisi yake mwenyewe, ukichanganyika na mbao, madini ya risasi na mafundi, kwa hiyo usiutafute mahali pa posho.

Hatua ya 5: Kijiti

Hazina ilipokosa fedha taslimu, ilimpa mdai kijiti cha mti kilichochanjwa na kupasuliwa katikati, akadai kwa mtoza ushuru wa bandari fulani. Ichukulie kama hundi. Na kama hundi, ilikuwa inarudi: mtoza ushuru alisema fedha zimekwisha, mdai akarudi Hazina na kijiti chake mkononi.

Kijiti kilichorudi mara nyingi kiliandikwa kwenye magombo ya mapato kama mkopo ambao mdai amemkopesha mfalme. Hakukuwa na mkopo wowote. Ukiona mtu wa posho ndogo ghafla anamkopesha mfalme kiasi kile kile anachodai, kwa peni, usiandike kwamba alikuwa tajiri. Andika kwamba hakulipwa.

Hatua ya 6: Mfalme akifa, au mwenye posho akiiachia

Mfalme mpya hakufungwa na ukarimu wa aliyemtangulia mpaka athibitishe. Kwa hiyo baada ya Juni 1377 na Septemba 1399 rudi hatua ya 1 na utafute uthibitisho. Chaucer alipata wake kwa Richard II mwaka 1378. Mwaka 1399 Henry IV alimwongezea marki 40 kwa hati yenye tarehe 13 Oktoba, na mwezi huo huo Chaucer alipewa nakala mpya za hati zake za nyuma baada ya kuapa kwamba zile za asili zimepotea. Nakala hizo zinaweza kukudanganya ukadhani ni posho mpya.

Posho pia iliweza kuhamishwa. Tarehe 1 Mei 1388, wakati Bunge likiwashughulikia vikali watu wa karibu wa Richard II, Chaucer aliachia posho zake mbili za marki 20 zikaenda kwa John Scalby. Kuanzia hapo ukiendelea kutafuta jina la Chaucer utaona pengo na kudhani Hazina imemnyima. Fedha zinaendelea kutoka kwa jina jingine. Yeye alirudi kwenye orodha kwa posho mpya ya pauni 20 mnamo 28 Februari 1394.

Hatua ya 7: Malipo ya mwisho

Malipo ya mwisho ya Chaucer ni ya tarehe 5 Juni 1400, pauni 5, kwa mikono ya Henry Somere. Tarehe ya kifo iliyoko kaburini Westminster ni 25 Oktoba 1400, lakini kaburi hilo lilijengwa 1556. Gombo halisemi kwamba amekufa. Linaacha tu kumtaja. Na watu wengi waliachwa kutajwa wakiwa hai: mwaka 1404 Bunge lililokutana Coventry lilitaka posho za mwaka mzima zibaki kwa mfalme. Kwa hiyo mstari wa mwisho kwenye daftari la mdogo wangu unasema "malipo ya mwisho yaliyoonekana", na safu ya pembeni ina nafasi tupu.