Somo: Hadithi ya kasa na rambo kwa watoto wa chekechea

Mmeniuliza faragha namna ya kusimulia hadithi ya kasa anayedhani rambo, yaani mfuko wa plastiki, ni chakula. Naandika mara moja tu. Atakayeniuliza tena faragha nitamleta hapa.

1. Chagua mnyama mmoja.

2. Anza na "Paukwa!" Wakiitika "Pakawa!" hata aliyekuwa analia ananyamaza.

3. Kata kipande cha nailoni laini, tia kwenye chupa angavu yenye maji, funga kizibo kwa gundi. Igeuze polepole. Nailoni inapanuka na kujikunja mithili ya konyeza, yule kiumbe laini wa baharini anayewasha, ambaye kasa humla. Usiseme kitu. Mmoja atapaza sauti, "Mwalimu, anaogelea!" Hapo ndipo kasa wako aje na njaa. Nailoni yenyewe wasishike, wakijivika usoni ni hatari.

4. Mkosaji. Hapa ndipo somo linapoharibika. Ukisema "mtu mbaya alitupa rambo", mtoto anarudi nyumbani anamkuta mama yake anafunga karanga za kuuza kwenye vifungashio, anamwita mtu mbaya. Kesho mama yuko mlangoni kwako, na ana haki ya kufoka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Juni 2019, sawa, lakini vipo vifungashio vinavyoruhusiwa, na mtoto wa miaka 5 hajui tofauti. Acha upepo ulipeperushe rambo kutoka jaani. Kasa naye asife! Wape watoto kazi ya kumwokoa.

5. Ukimaliza, nyamaza. "Tumejifunza nini?" waachie wakaguzi. Watoto waigize.

MASWALI

— Mwalimu naomba hadithi yote PDF.

Hakuna PDF. Soma hatua ya 4, utunge.

— Nimeweka karatasi, haiogelei.

Nimeandika nailoni.

— Samahani mwalimu, kwani kasa wote hula konyeza?

Swali zuri. Mla konyeza hasa ni noa, kasa mkubwa kuliko wote. Ng'amba, kasa mwingine, hupenda sponji, viumbe wa baharini wanaokaa mwambani. Kasa wa kijani akikomaa hula zaidi nyasi za baharini, ila akiwa mdogo huchanganya na vijinyama. Ndiyo maana kasa wangu ni mtoto.

— Niko Dodoma, wanangu hawajaona bahari.

Tumia mbuzi. Rambo halisagiki tumboni. Likijaa, mbuzi anaonekana kashiba huku anakonda. Watakutajia wenyewe mbuzi wa nani.

— Mombasa hapa. Waonyesheni picha za Flipflopi, jahazi la Lamu lililoundwa kwa taka za plastiki na kandambili kuukuu. Mwaka 2019 lilifika Zanzibar. Wangu sasa wanabeba kila kandambili iliyokatika hadi darasani.

Hiyo naichukua. Zioshwe kwanza lakini.