Ritani ya Kodi ya Mapato Siku za Mwisho Zikikaribia

Unapojaza ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi yako ya mwaka, anza na nywila ya mfumo wa kodi, hesabu zifuate. Nywila iliyosahaulika hukwamisha watu usiku wa mwisho, hasa namba ya simu iliyosajiliwa ikiwa imebadilika na ujumbe wa uthibitisho haufiki.

Kisha linganisha cheti cha mwajiri kinachoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, dhidi ya hati zako za malipo za miezi 12. Jumla zikipishana, mwombe mwajiri asahihishe kabla hujawasilisha. Ulibadilisha kazi katikati ya mwaka? Tafuta vyeti vyote viwili: huenda kila mwajiri alikupa nafuu (punguzo la kodi) ileile, kodi ikakatwa kidogo mno, na hapo ndipo deni hujitokeza. Ongeza kwenye mapato yako pango unalopokea, riba ya benki na kazi za pembeni.

Huna pesa za kulipa? Tafadhali wasilisha hata hivyo, kisha omba kulipa kwa awamu. Kwa kawaida faini ya kuchelewa kuwasilisha hutozwa mbali na riba ya kuchelewa kulipa. Kuongezewa muda wa kuwasilisha, mara nyingi, hakusogezi tarehe ya malipo.

Usifunge ukurasa kabla ya kupakua stakabadhi yenye namba ya uthibitisho. Rasimu iliyohifadhiwa bado haijawasilishwa.