SOMO: Simu ya zamani, uiapdeti au uiache?

Kwanza tenganisha mambo mawili. Sasisho dogo la usalama huziba mianya ya wadukuzi na halibadilishi sura ya simu. Hilo pokea bila kusita. Toleo jipya zima, mfano kutoka Android 11 kwenda 12, ndilo la kupigia hesabu, kwa sababu kurudi nyuma ni shida. Apple huacha kuidhinisha toleo la zamani muda mfupi baada ya jipya kutoka, na kwenye Android kurudisha toleo kwa kawaida hufuta kila kitu.

1. Kwenye Android ingia Mipangilio, kisha Kuhusu Simu. Soma toleo na tarehe ya sasisho la usalama. Tarehe ikiwa ya miaka mitatu nyuma na simu inadai imesasishwa, ujue mtengenezaji ameshaiacha. Hapo huna cha kuamua.

2. Acha nafasi wazi, GB 8 hadi 10. Simu ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 2 ibaki na toleo lake. Jipya litaifanya iburute.

3. Betri. Kwenye iPhone angalia Afya ya Betri: chini ya 80% badilisha betri kwanza. Android inayozima ghafla ikiwa na 20% ni hivyo hivyo.

4. Kioo. Hapa ndipo wengi huumia. Kama simu ilishawekwa kioo cha kopi pale Kariakoo, subiri wiki mbili tatu usikie wenye simu kama yako wanasemaje. Mwaka 2018 iOS 11.3 (iOS ni mfumo wa iPhone) iliua tachi kwenye iPhone 8 zenye vioo visivyo vya Apple, hadi 11.3.1 ilipoirudisha.

5. Hifadhi nakala ya picha na chati za WhatsApp, chaji ijae (umeme wetu mnaujua), tumia Wi-Fi au bando la usiku. Ikishaanza kujisakinisha, usiizime.

Siku mbili za kwanza itapata joto na kuwa nzito, maana inapanga upya programu na picha. Msikimbilie kwa fundi.

MASWALI

– Mkuu, WhatsApp imegoma kwenye iPhone 6 yangu. Nikiapdeti itarudi?
Hapana. iPhone 6 inaishia iOS 12, na tangu Mei 2025 WhatsApp inataka angalau 15.1. Ni 6s ndiyo inayofika huko.

– Fundi wa Makumbusho anasema ataniwekea Android 13, simu yangu iliishia 10. Ni salama?
Hilo si toleo la mtengenezaji. Atafungua bootloda (programu inayowasha mfumo wa simu), na data yote itafutika. Programu nyingi za benki zinaweza kukataa kufunguka, na kwenye Samsung alama ya Knox (ulinzi wa ndani wa Samsung) ikishaharibika hairudi. Kwa simu unayotumia kwa pesa, mwambie aache.

– Wiki nzima tangu niapdeti inajizima na kujiwasha.
Hifadhi nakala, kisha irudishe kwenye hali ya kiwandani. Lakini hakikisha kwanza unalikumbuka nenosiri la akaunti ya Google iliyomo, hasa kama simu ni ya mtumba. Bila hilo inaweza kujifunga, ukabaki na kioo cha kujitazamia.