Somo: Bajaji au mashine ya kusaga? Hesabu ipi itumike kulinganisha

Mfano: una milioni 12 na machaguo mawili, kila moja linagharimu kiasi hicho. Takwimu ni za mfano, weka za kwako.

Hatua ya 1. Andika fedha taslimu inayobaki mkononi kila mwaka. Bajaji: hesabu ya dereva (pesa anayokuletea wewe mwenye chombo) 25,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni milioni 7.8 kwa mwaka. Toa sevisi, matairi, bima na leseni, tuseme milioni 1.8. Inabaki milioni 6 kwa miaka 3, kisha unaiuza milioni 3. Usipige siku 30. Gari hulala gereji na dereva huugua.

Mashine: mwaka wa kwanza milioni 3 (wateja bado hawajazoea), miaka minne inayofuata milioni 5.2 kila mwaka, kisha unaiuza milioni 2. Hapo umeshatoa umeme, mikanda, beringi, machekeche, kodi ya pango na mshahara wa msagaji. Ukisaga mwenyewe, mshahara huo utoe vilevile, maana muda wako ungeuuza kwingine.

Usitoe uchakavu, kwa sababu si pesa inayotoka mfukoni, na bei ya chombo umeshaihesabu mwanzoni. Marejesho ya mkopo na riba yake navyo viache hapa. Riba inaingia hatua ya 3, na ukiitoa sasa utakuwa umeikata mara mbili.

Hatua ya 2. Muda wa kurudisha mtaji. Bajaji miaka 2. Mashine miaka 2 na takriban miezi 9 (milioni 8.2 kwa miaka miwili, zilizobaki 3.8 ugawe kwa 5.2). Hesabu hii inakuambia pesa itafungwa kwa muda gani, basi. Kinachoingia baada ya mtaji kurudi haikioni kabisa.

Hatua ya 3. Thamani halisi ya sasa (NPV), yaani pesa zote zijazo zikigeuzwa kuwa thamani ya leo, ukitoa mtaji. Chagua kiwango: riba ya mkopo wako, au faida ambayo pesa yako ingeleta kwingine kwenye hatari inayofanana. Tuseme 18%. Gawa pesa ya mwaka wa kwanza kwa 1.18, ya pili kwa 1.18 mara 1.18, na kuendelea. Ukitaka kuzidisha badala ya kugawa, vizidisho vyake (1 ukigawa kwa namba hizo) ni 0.847, 0.718, 0.609, 0.516 na 0.437.

Bajaji: 6 × 2.174 (jumla ya vitatu vya kwanza) + 3 × 0.609 = 14.871. Toa 12, inabaki milioni 2.871.
Mashine: 3 × 0.847 + 5.2 × 2.280 + 2 × 0.437 = 15.271. Toa 12, inabaki milioni 3.271.

Mashine imeshinda? Ngoja kwanza. Bajaji imeleta faida yake kwa miaka 3, mashine kwa miaka 5.

Hatua ya 4. Umri ukitofautiana, geuza faida iwe ya kila mwaka. Gawa kwa jumla ya vizidisho: bajaji 2.871 ÷ 2.174 = milioni 1.32 kwa mwaka, mashine 3.271 ÷ 3.127 = milioni 1.05. Bajaji inaongoza, ila kwa sharti kwamba ikichakaa utanunua nyingine kwa masharti yaleyale. Kama ni mradi wa mara moja tu, bakia na jibu la hatua ya 3. Hapa ndipo wengi hubishana bila kujua kwamba wanajibu maswali mawili tofauti.

Hatua ya 5. Ijaribu. Pesa ya kila mwaka ikishuka kwa karibu 22% bajaji haina faida tena. Mashine hufika hapo kwenye karibu 23%. Tofauti ni ndogo mno. Kwa hiyo cha kuchunguza ni kipato kipi una uhakika nacho zaidi: dereva au wateja wa unga.

MASWALI

Mkuu, kwenye Excel napata jibu dogo kuliko lako. Kwa nini?
Umeingiza milioni 12 ndani ya mabano ya NPV. Fomula hiyo huchukulia namba ya kwanza kuwa ya mwisho wa mwaka wa 1. Mtaji uweke nje: =NPV(18%,B2:B6)+B1, ambapo B1 ni -12 na B2 hadi B6 ni pesa za kila mwaka (bei ya kuuza iko ndani ya mwaka wa mwisho).

Nimekopeshwa kwa 18% ya mwaka, inakokotolewa kwenye mkopo wote hadi mwisho. Nitumie 18?
Hapana. Kwa mkopo wa miezi 12 unaolipwa kila mwezi, hiyo ni sawa na karibu 32% kwenye deni linalopungua. Katika mfano huu, bajaji hulipa takriban 31% na mashine 28% (kiwango ambacho jibu la hatua ya 3 linakuwa sifuri). Kwa bei hiyo ya pesa, zote mbili ziache.

Mafuta na vipuri vikipanda bei je?
Mafuta hayamo kwenye hesabu yetu, huyalipa dereva. Sevisi na vipuri vya bajaji hulipwa kutoka kwenye hesabu anayokuletea, kwa hiyo pandisha ile milioni 1.8 mwaka hadi mwaka. Pandisha pia hesabu ya dereva, lakini kwa kiasi ambacho madereva wa kijiwe chako wanakubali kweli. Riba ya 18% tayari ina mfumuko wa bei ndani yake, hivyo kuacha mapato na gharama kwa bei za leo kunapotosha jibu.