Namna ya Kulinganisha Ubongo wa Spishi Mbalimbali: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Biolojia

Ubongo wa tembo wa Afrika una uzito wa takribani kilo 4.6, na wa binadamu kilo 1.35 hivi. Mwanafunzi anayekutana na tarakimu hizi kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba tembo hajatuzidi akili mara tatu, na akishaambiwa kwamba mwili wa tembo nao ni mkubwa, hutosheka na kuliacha suala hapo. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule asiyetosheka: mwanafunzi wa chuo au mwalimu anayetaka kufanya ulinganisho wake mwenyewe, akitumia vipimo vilivyokwisha kuchapishwa au vile alivyovipata kwa mikono yake. Msimamo wangu ni kwamba kazi nyingi za aina hii huharibika kabla ya kipimo cha kwanza kuchukuliwa, pale swali linapowekwa vibaya na mti wa ukoo unapopuuzwa.

Swali na mti wa ukoo

Andika swali lako kwa sentensi moja inayotaja sehemu ya ubongo, tabia au mazingira unayoyahusisha nayo, na kundi la wanyama utakaowachunguza. "Mnyama yupi ana akili zaidi?" si swali la utafiti, kwa sababu hakuna mizani moja inayoweza kumpima popo anayewinda gizani kwa mwangwi pamoja na kasuku anayeiga sauti. "Je, ndege wanaoficha chakula na kukirudia baadaye wana hipokampasi kubwa kuliko jamaa zao wasioficha, ukubwa wa ubongo mzima ukishazingatiwa?" ni swali linaloweza kujibiwa, kwa kuwa hipokampasi ni sehemu inayoshughulika na kumbukumbu za mahali, na jibu linaweza kuwa ndiyo au hapana.

Swali likishakaa sawa, chora mti wa ukoo wa spishi zako. Hifadhidata ya TimeTree hutoa bila malipo makadirio ya muda uliopita tangu koo mbili zilipoachana, nayo inatosha kwa kuanzia. Sisitiza kwako mwenyewe kwamba unachora mti, si ngazi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa ubongo Mjerumani Ludwig Edinger aliamini kwamba ubongo uliongezewa tabaka juu ya tabaka kutoka samaki hadi binadamu, na kwa imani hiyo sehemu kubwa ya ubongo wa mbele wa ndege ikapewa majina ya mafungu ya seli ya ndani yanayodhaniwa kuongoza silika tu. Majina hayo yalidumu karibu miaka mia moja, hadi jopo la wataalamu lilipoyabadilisha mwaka 2004 baada ya ushahidi kuonyesha kwamba sehemu hiyo hutokana na tishu ile ile ya kiinitete ambayo kwa mamalia huzaa gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje. Mamalia na ndege waliachana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, na kila upande umeendelea kubadilika muda wote huo. Kuku hayuko nyuma yetu njiani; yuko kwenye njia nyingine.

Kwa hiyo, kila unapoona sifa inayofanana kwa spishi mbili, jiulize kama zimeirithi kwa babu mmoja au kila moja imeipata kivyake. Uwezo wa kujifunza sauti kwa kusikiliza unapatikana kwa binadamu, kwa kasuku na kwa ndege waimbaji, lakini haupatikani kwa sokwe, ambaye ni jamaa yetu wa karibu kuliko wote. Kufanana kwa namna hii, kusikotokana na urithi, kuna thamani kubwa, kwa kuwa ni jaribio ambalo maumbile yamelirudia zaidi ya mara moja.

Kuchagua kipimo

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiwe na haraka. Uzito wa ubongo ni rahisi kuupata, na majedwali yake ni mengi, lakini uzito sawa hauna maana ya vilivyomo sawa. Kapibara, mgugunaji (jamaa wa panya) mkubwa wa Amerika ya Kusini, ana ubongo wa gramu 76 hivi wenye nyuroni, yaani seli zinazopeleka ishara, takribani bilioni 1.6. Makaki, kima wa Asia, ana ubongo wa gramu 87 hivi wenye nyuroni takribani bilioni 6.4. Tofauti ya uzito ni ndogo, ya nyuroni ni mara nne. Sababu ni kwamba katika ukoo wa wagugunaji, kadiri ubongo unavyokuwa mkubwa ndivyo nyuroni zenyewe zinavyonenepa na kutawanyika, ilhali katika ukoo wa primati (kima, sokwe, binadamu na jamaa zao) ukubwa wa wastani wa nyuroni haubadiliki sana. Ndege wamebana zaidi: kasuku aina ya macaw, mwenye ubongo wa gramu 20 hivi, ana nyuroni takribani bilioni 1.9 katika ubongo wa mbele, idadi inayozidi kidogo ile ya gamba la ubongo la makaki.

Hesabu hizi ziliwezekana kutokana na mbinu iliyochapishwa mwaka 2005 na Wabrazili Suzana Herculano-Houzel na Roberto Lent. Ubongo uliohifadhiwa kwa fomalini, kemikali inayozuia tishu kuoza, hugawanywa katika sehemu zinazohitajika, kisha kila sehemu husagwa ndani ya kiowevu chenye sabuni ya maabara mpaka utando wa seli uvunjike na viini vibaki vikielea vikiwa vizima. Kwa kuwa kila seli ya ubongo ina kiini kimoja, kuhesabu viini ni kuhesabu seli. Viini hutiwa rangi inayoshikamana na DNA na kung'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, mchanganyiko hutikiswa uwe sawa kila mahali, sampuli ndogo huhesabiwa kwa hadubini, na jumla hupatikana kwa kuzidisha na ujazo wote. Mwishowe hutumika kingamwili inayotambua viini vya nyuroni peke yake, ili kujua ni sehemu gani ya jumla hiyo ni nyuroni na ipi ni seli saidizi.

Kwa mbinu hiyo, ubongo wa binadamu ulipatikana kuwa na nyuroni takribani bilioni 86, ambazo bilioni 16 hivi zimo katika gamba. Mwaka 2014 kundi lililomhusisha pia Paul Manger wa Afrika Kusini lilitangaza hesabu ya tembo wa Afrika: nyuroni bilioni 257, mara tatu ya zetu, lakini takribani bilioni 251 kati yake zimo katika serebelamu, ile sehemu ya nyuma inayoratibu mienendo, na gamba lake lenye uzito mara mbili ya letu lina bilioni 5.6 tu. Swali la mwanafunzi wetu wa mwanzo limepata njia ya kujibiwa, nayo haikupitia kwenye uzito. Ni vema pia kukumbuka kwamba hesabu hiyo ilitokana na tembo mmoja; unapoiingiza katika jedwali lako, andika idadi ya wanyama waliopimwa kando ya kila wastani.

Anayetaka mazoezi ya mkono anaweza kuanza na kichwa cha mbuzi na cha kuku kutoka buchani, vya wanyama waliokaguliwa na daktari wa mifugo. Vaa glavu na miwani, pasua fuvu taratibu kwa msumeno mdogo, toa ubongo mzima, ondoa utando na damu, na upime mara moja kabla haujakauka. Andika kama umepima ukiwa mbichi au baada ya kukaa katika fomalini, kwa sababu fomalini hubadilisha uzito, na kuchanganya namba za aina hizo mbili katika jedwali moja ni kosa ambalo takwimu haziwezi kulirekebisha. Wanyama pori waachwe, isipokuwa una kibali cha mamlaka ya wanyamapori na msimamizi mwenye uzoefu.

Kuzingatia mwili, kisha ukoo

Mwili ukikua, ubongo nao hukua, lakini kwa mwendo wa polepole zaidi. Harry Jerison, katika kazi yake ya mwaka 1973, alipendekeza kwamba kwa mamalia uzito wa ubongo unaotarajiwa, kwa gramu, ni 0.12 mara uzito wa mwili uliopandishwa kwa kipeo cha 2/3. Ukigawanya ubongo halisi kwa huo unaotarajiwa unapata uwiano. Jaribu mwenyewe: tembo wa kilo 5,000 anatarajiwa kuwa na gramu 3,500 hivi, naye ana 4,600, hivyo uwiano wake ni 1.3, mtu wa kilo 65 anatarajiwa kuwa na gramu 194, naye ana 1,350, hivyo uwiano ni karibu 7, panya mdogo wa gramu 20 mwenye ubongo wa gramu 0.4 hupata chini ya 0.5.

Uwiano huu unapendwa sana, na mimi nauona unapendwa kupita kiasi. Unawapa kima wadogo wa kapuchini alama kubwa kuliko gorila, jambo lisilolingana na yale gorila wanayoyaweza katika majaribio ya tabia. Isitoshe, mnyama anaweza kupanda au kushuka alama kwa sababu mwili wake umebadilika na si ubongo. Afadhali uchore grafu ya logi ya uzito wa ubongo dhidi ya logi ya uzito wa mwili kwa kundi lako lenyewe, utafute mteremko wa mstari, na uangalie kila spishi imekaa umbali gani juu au chini ya mstari huo.

Lakini usiishie kwenye rigresheni ya kawaida, yaani kutafuta mstari huo kana kwamba kila nukta inajitegemea. Chukua mfano wa spishi 30 za wagugunaji na 30 za primati: ukizichora pamoja unapata nukta 60 na uhusiano unaoonekana imara, kumbe huenda tofauti yote ilitokea mara moja tu, koo hizo mbili zilipoachana, na jamaa wa kila upande wakairithi. Ushahidi wako basi ni wa tukio moja, si wa matukio 60. Joseph Felsenstein alilieleza tatizo hili mwaka 1985 na kutoa njia ya kulitatua kwa kulinganisha tofauti kati ya matawi yanayotokana na kifundo kimoja cha mti. Leo programu ya bure ya takwimu iitwayo R ina vifurushi vinavyofanya kazi hiyo, pamoja na rigresheni inayozingatia ukoo. Fanya uchambuzi kwa njia zote mbili, ya kawaida na ya kuzingatia ukoo; kama uhusiano unatoweka ukoo unapoingizwa, hilo ndilo tokeo lako, nawe huna budi kuliandika.

Ukuaji tumboni na baada ya kuzaliwa

Tofauti za wanyama waliokomaa zina historia ndani ya kiinitete. Mwaka 1995 Barbara Finlay na Richard Darlington, wakitumia data za spishi 131 za mamalia, walionyesha kwamba mpangilio wa sehemu zipi zinaacha kuzalisha nyuroni mapema na zipi zinachelewa hufanana sana kutoka spishi moja hadi nyingine, na kwamba zinazochelewa, hasa gamba la ubongo, ndizo zinazokua kupita kiasi ubongo mzima unapokuwa mkubwa. Hesabu yake ni nyepesi: seli zikiendelea kugawanyika kwa duru tatu zaidi, chimbuko la nyuroni huongezeka mara nane. Sehemu ya kunusa ndiyo inayotoka nje ya kanuni hii kwa kiasi kikubwa.

Jeni chache nazo zimeshatambuliwa. ARHGAP11B, iliyopo kwa binadamu na isiyopo kwa sokwe, iliripotiwa na watafiti wa Dresden mwaka 2015 kuwa huongeza seli zizaazo nyuroni inapoingizwa katika viinitete vya panya.

Unapolinganisha ukuaji, usilinganishe siku kwa siku wala kutumia kuzaliwa kama alama ya pamoja. Mimba ya panya mdogo huchukua siku 20 hivi, ya makaki takribani siku 165, na ya binadamu takribani siku 270. Panya huzaliwa akiwa amefumba macho na kuyafumbua karibu wiki mbili baadaye. Mtoto wa binadamu huyafumbua akiwa bado tumboni. Kwa upande mwingine, ubongo wa mtoto wetu mchanga haufiki theluthi ya ukubwa wake wa mwisho, ilhali wa sokwe hufikia asilimia 40 hivi. Tumia matukio ya ukuaji wenyewe kama alama: nyuroni za kwanza za gamba kuzaliwa, nyuzi za jicho kufika katika ubongo, macho kufumbuka.

Visukuku

Mafuvu ya kale, kama haya matatu ya jamaa wa kale wa binadamu kutoka Tanzania na Kenya, huhifadhi ujazo na alama za juu tu. Zinjanthropus, aliyepatikana na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, ana ujazo wa takribani sentimita za ujazo 500. Fuvu la 1470, lililoonwa na Bernard Ngeneo huko Koobi Fora mwaka 1972, takribani 750. Na mvulana wa Nariokotome, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, takribani 880. Waingize katika mti kwa umri wao, lakini uzito wa miili yao ni makadirio, hivyo tumia kikomo cha chini na cha juu badala ya namba moja.

Kuijaribu nadharia tete

Hatua ya mwisho ni kuuliza kwa nini. Ubongo wetu ni asilimia 2 ya mwili, nao hutumia takribani asilimia 20 ya nishati tunapopumzika. Kwa msingi huo Leslie Aiello na Peter Wheeler walipendekeza mwaka 1995 kwamba utumbo wetu ulipungua ili kuulipia ubongo, na katika primati waliowachunguza maelezo hayo yalionekana kukaa vizuri. Mwaka 2011 Ana Navarrete na wenzake waliijaribu kwa spishi 100 za mamalia, wakiondoa mafuta katika uzito wa mwili na kuzingatia ukoo, na hawakuona ubongo mkubwa ukiambatana na utumbo mdogo. Walichokiona ni kwamba wenye ubongo mkubwa huwa na akiba ndogo ya mafuta. Soma kazi hizo mbili kwa pamoja kabla ya kuandika yako, uone jinsi kipimo cha mwili na mti wa ukoo vilivyobadilisha jibu.

Unapoandika ripoti, ambatanisha jedwali ghafi lenye spishi, jinsia, idadi ya wanyama, hali ya tishu na chanzo cha kila namba, pamoja na mti ulioutumia, kisha rudia uchambuzi ukiwa umemtoa mnyama mmoja aliye mbali zaidi na mstari. Mara nyingi mnyama huyo ni binadamu, na wakati mwingine mteremko wote ulikuwa ukimtegemea yeye.