Namna ya kuisoma nyumba ya kale ya mkulima wa Kiingereza: anzia uani

Mimi ni fundi wa chokaa. Nilizaliwa Pangani, kazi nikafundishwa na baba yangu mdogo kwenye nyumba za mawe za pale mjini, na huu ni mwaka wa kumi na nne napiga chokaa nyumba za kale za Kent na Sussex, kusini-mashariki ya Uingereza. Ndugu wakija kunitembelea husimama mbele ya nyumba ya shamba, wakatazama matofali mekundu na mlango, wakaniuliza: "Hii ya mwaka gani?"

Upande wa mbele hautakujibu. Wakulima wengi waliopata pesa katika karne ya 18 walizivika nyumba zao ukuta mpya wa matofali upande unaoonekana, na fremu ya mbao ya miaka mia mbili au tatu nyuma ikabaki mle mle ndani. Usidanganyike na madirisha yaliyozibwa pia. Kodi ya madirisha ilikuwepo kweli, kuanzia 1696 hadi 1851, lakini dirisha huzibwa kwa sababu nyingi. Fuata njia yangu: uani fuata nafaka, ndani fuata moshi.

Omba ruhusa, chukua kurunzi na futi, kisha uipite nyumba uende kwenye ghala kubwa. Tafuta milango miwili mipana inayotazamana, mmoja kila upande wa ukuta mrefu. Kati yake ndipo palipokuwa sakafu ya kupuria. Ngano iliingia kwa mkokoteni ikiwa bado na mabua, ikarundikwa pembeni, na kipupwe chote watu waliipiga kwa fimbo mbili zilizofungwa pamoja kwa ngozi. Halafu milango yote miwili ikafunguliwa, upepo ukapita, wakapepeta. Aliyewahi kuona mpunga ukipepetwa kwetu haelezwi mara mbili. Sasa inua macho juu ya ukuta wa ncha, ule wa mwisho wa jengo unaopanda pembetatu hadi kileleni mwa paa: ukiona tundu dogo, liliachwa makusudi ili bundi aingie kula panya. Sisi tuliolelewa kumwogopa bundi juu ya paa, hapo lazima tusimame kidogo.

Kama huna mwenyeji mwenye shamba, nenda Harmondsworth, jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow. Ghala la pale lilijengwa 1426, urefu wake ni kama mita 58, na nguzo zake za mwaloni zimesimama juu ya vipande vya mawe ili zisinyonye unyevu wa ardhini. Au Cressing Temple huko Essex, yalipo maghala mawili ya karne ya 13. Kaa ndani dakika kumi bila kupiga picha. Hesabu nafasi kati ya fremu na fremu, kwa sababu huko majengo ya mbao hupimwa hivyo, kama nyumba za mawe za pwani yetu zinavyopimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko.

Nafaka iliyopurwa ilihamia kijumba kidogo kilichosimama juu ya mawe yenye umbo la uyoga. Panya hupanda shina la jiwe, akifika kwenye kofia anashindwa. Ni kihenge kile kile cha kwetu, kwa mti mwingine. Mabua yakaenda kwa ng'ombe. Tazama ghala limekaa upande gani wa zizi: mara nyingi ni kaskazini, likinge upepo wa baridi, na ua ukafunguka kusini kwenye jua. Banda lisilo na ukuta wa mbele ni la mikokoteni. Mnara wa duara wenye kofia nyeupe ya mbao, ukiwa Kent, ni tanuri ya kukaushia hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia.

Sasa ingia ndani. Kabla ya dohani kuenea, sebule kuu ilikuwa wazi hadi paani, moto ukawaka katikati ya sakafu, moshi ukajitafutia njia. Kwa hiyo ushahidi uko darini. Panda, kanyaga juu ya boriti tu, umulike makombamoyo. Yakiwa meusi kwa masizi ya zamani, umesimama juu ya sebule ya moto wa wazi, na yaelekea nyumba ilijengwa kabla ya katikati ya karne ya 16. Angalia weusi unaishia wapi: ukikoma kwenye kizuizi, upande wa pili kilikuwa chumba cha kulala. Nyumba iitwayo Bayleaf inaonyesha haya yote bila kupanda dari. Ni ya karne ya 15, ilitoka Chiddingstone, Kent, ikafumuliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kupisha bwawa la maji, na sasa imesimama tena katika makumbusho ya Singleton, Sussex, na moto wake sakafuni.

Dohani ilipokuja, ilipenyezwa ndani ya sebule hiyo, na ghorofa ikawekwa juu. Kuna alama rahisi ya nje: ukiona dohani kubwa imesimama sawasawa na mlango wa mbele, ukifungua mlango utakutana na ubavu wa matofali, chumba kushoto, chumba kulia. Huo ni mpango wa karne ya 17 hasa.

Papasa maungio. Mwaloni ulichongwa ukiwa mbichi, ulimi ukaingia tunduni, ukafungwa kwa misumari ya mti. Karibu yake utaona namba za Kirumi zilizokatwa kwa patasi, ili seremala ajue kipi kinaingia wapi. Tundu tupu lina maana kuna kitu kiliondolewa, au mti ulitoka jengo jingine. Mwenyeji akikwambia ulitoka kwenye merikebu, msikilize kwa heshima, lakini mara nyingi ulitoka nyumba ya jirani.

Mwisho, kuta. Kati ya nguzo kuna fito zilizosukwa, zikakandikwa kwa udongo, mabua na samadi, juu yake chokaa. Nyumba ya bibi yangu ilikandikwa hivyo hivyo. Adui wa ukuta huu ni saruji, kwa sababu inafungia maji ndani. Gonga kwa kidole: chokaa inaitika kwa sauti nzito na laini, saruji inalia kikavu, na utaona ufa mwembamba ukifuata ukingo wa mti. Usikwangue. Nyingi kati ya nyumba hizi zinalindwa na sheria, na kuzibadilisha bila kibali ni kosa la jinai.

Nyumba moja tuliyopewa kibali, tulipoibandua saruji, boriti ya chini ilitoka mikononi kama tumbaku iliyolowa. Tuliunga mwaloni mpya, tukakandika, nikapiga chokaa mikono mitatu. Mwezi wa tatu mwaka huu nilirudi baada ya mvua ya wiki nzima, nikaweka kiganja pale chini. Pakavu.